Zamu ya Usiku: Kutoka Kingolwira Hadi Montabaur

Ukiwa ndani ya basi la kutoka Dar es Salaam, Kingolwira haikusubiri. Kilomita kama 15 kabla ya Morogoro mjini yanatokea maduka ya kando ya barabara, vijana wa bodaboda kivulini, ndizi na machungwa ya mlimani kwenye madishi, kisha dereva anakanyaga mafuta na yote yamebaki nyuma. Kushoto Uluguru imejifunika wingu. Reli ya kati, ile ya zamani ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Morogoro 1907, ina stesheni yake hapa. Lakini itaje Kingolwira mbele ya mtu wa Morogoro, neno la kwanza litakalomtoka ni gereza.

Nilishuka kwa sababu ya mzee mmoja niliyeelekezwa kwake, dresa wa zamani katika mashamba ya mkonge ya pande hizi. Kwa hesabu zake amevuka miaka 90. Nilimkuta barazani, miguu kwenye jua.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ndiye unayeandika habari za wagonjwa? Utaandika mpaka lini?"

Nilimwuliza juu ya manamba. Kwa msomaji kijana: manamba walikuwa vibarua wa mkataba, waliochukuliwa Uha, Songea, Umakondeni, Burundi na kwingineko, wakaletwa kukata mkonge kwa idadi ya mizigo. Kuanzia 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwakusanya, SILABU, na mtu aliweza kupakiwa Kasulu akashushwa Morogoro asikojua hata salamu ya wenyeji. Mzee alikuwa akiwafunga vidonda. Mkonge una mwiba nchani, na kidonda cha mguu kisipotazamwa kinageuka donda ndugu. Alikuwa na dawa ya zambarau, bendeji zilizofuliwa na kufuliwa tena, kwinini, baadaye sindano ya penisilini.

"Na usiku, babu? Mgonjwa akizidiwa usiku, nani alikaa naye?"

"Mwenzake wa kambini, kama anaye. Kama hana, mimi na taa ya chemli. Na mimi nina mke nyumbani."

Mluguru wa Kinole au Matombo, akiugua, hakuwa na shida ya namna hiyo. Ukoo wake unafuata upande wa mama, ardhi nayo vilevile, na mtu akilala kitandani dada zake, wapwa na wajomba wanajua kwamba huyo ni wao. Atageuzwa, ataogeshwa, atalishwa uji. Taabu ilianza pale mtu alipougua mahali ambapo hakuna wa kwake. Kingolwira, kwa reli yake, mkonge wake na gereza lake, ni mahali palipojengwa kwa watu wa namna hiyo: mpita njia, namba, mfungwa. Mfungwa akiharisha usiku, wa kumshika mkono ni mfungwa mwenzake.

Nilikuwa na daftari langu mkobani, lenye maandishi ya Ujerumani na Hispania kuhusu mabruda wauguzi. Baada ya kumsikiliza mzee nikaanza kulisoma upya, nikitafuta swali moja tu: zamu ya usiku ilikuwa ya nani?

Kwanza niseme bruda ni nani, maana hata Wakatoliki wengi hapa kwetu wanamchanganya. Ni mtawa mwanamume asiye padri. Ameweka nadhiri tatu, za ufukara, useja na utii, lakini hasomi misa wala haungamishi. Swali la kwanza analoulizwa na mashangazi ni atapata upadri lini, kana kwamba ubruda ni stendi ya kubadilishia basi. Historia ya mashirika haya inawajibu mashangazi: mengi yalianzishwa na walei maskini, watu wa kazi za mikono, ambao upadri haukuwa hoja yao.

Montabaur nilifika kwa treni. Mji ni mdogo, uko kwenye vilima vya Westerwald, magharibi ya Ujerumani, na jina lake limetokana na Mlima Tabor wa kwenye Biblia. Kilimani kuna kasri ya rangi ya njano inayoonekana toka mbali. Kilichonichekesha ni kufanana kwake na hapa: milima jirani, barabara kuu inayokimbiza malori ubavuni, na reli. Tangu 2002 treni ya kasi ya Cologne na Frankfurt inasimama Montabaur. Morogoro nayo imepata treni ya umeme kutoka Dar es Salaam tangu Juni 2024, ila yetu haina habari na Kingolwira.

Miaka ya 1840 Westerwald haikuwa ya kuchekesha. Udongo hafifu, viazi vikaoza shambani, njaa ya 1846 na 1847 ikapita, na wengi wakauza walichonacho wakavuka bahari kwenda Marekani. Waliobaki walitawanyika kutafuta kibarua. Kijana fundi alitembea mji hadi mji, akilala vyumba vya kupanga, na akishikwa na homa ya matumbo au kifua kikuu hakuwa na mama wala dada wa kumwekea kitambaa kichwani. Hapo nikamkumbuka namba wa mkonge.

Ndani ya miaka 12 tu, katika eneo ambalo mtu mwenye miguu mizuri angelizunguka kwa siku mbili tatu, yakazaliwa mashirika manne ya kuhudumia wagonjwa na maskini. Mwaka 1850 Peter Friedhofen wa Weitersburg, msafisha dohani, yatima toka utotoni, akaanzisha Mabruda wa Huruma ambao baadaye walihamia Koblenz na kisha Trier. Mwaka 1851 Katharina Kasper, binti wa wakulima wa Dernbach, kilomita chache kutoka Montabaur, akaanzisha shirika la masista. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu Oktoba 2018. Mwaka 1856 Peter Lötschert, mzaliwa wa Höhr, mji wa wafinyanzi, akaanzisha Mabruda wa Huruma wa Montabaur kwa ridhaa ya Askofu Peter Joseph Blum wa Limburg, naye akaitwa Bruda Ignatius. Mwaka 1862 Jakobus Wirth akaanzisha mabruda Wafransisko upande wa Waldbreitbach.

Watu hawa walikwenda nyumba kwa nyumba. Kabla ya kuwa na hospitali, kazi ya mabruda ilikuwa kubisha hodi jioni kwenye nyumba ya mwanamume mgonjwa, kuvua koti na kukaa naye hadi asubuhi ili wenye nyumba walale. Friedhofen alijifunza uuguzi kwa Waaleksiani wa Aachen, mabruda ambao chimbuko lao ni karne ya 14, wakati wa tauni, walipokuwa wakiwazika watu walioogopwa na jamaa zao wenyewe. Mwenyewe aliuawa na kifua kikuu Desemba 1860, akiwa na miaka 41.

Mwaka 1866 Prussia iliimeza dola ndogo ya Nassau, Montabaur ikiwamo. Tarehe 31 Mei 1875, waziri mkuu wake Bismarck akiwa vitani na Kanisa Katoliki, ikatoka sheria ya kuyafuta mashirika ya kitawa nchini Prussia. Wajesuiti walikuwa wameshafukuzwa; sasa walimu, watawa wa sala, wote wafungashe. Isipokuwa wanaouguza wagonjwa. Hao waliachwa. Sikumbuki sifa iliyowahi kutolewa na adui kwa namna ya wazi kuliko hiyo. Dola iliyowachukia watawa ilikaa chini, ikapiga hesabu, ikaona kwamba ikiwafukuza na hawa, usiku utakosa mtu.

Kilomita ishirini na kitu kutoka Montabaur upo mji wa Hadamar. Nilikwenda. Kati ya Januari na Agosti 1941 Wanazi waliwaua kwa gesi watu zaidi ya 10,000 katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya mji huo, walioletwa kwa mabasi kutoka hospitali na makao mbalimbali. Walioshiriki ni pamoja na madaktari na wauguzi wenye vyeti. Askofu Antonius Hilfrich wa Limburg aliandika barua ya kupinga Agosti mwaka huohuo. Kabla ya hapo, kuanzia 1936, serikali hiyohiyo ilikuwa imewafikisha mabruda wa Waldbreitbach mahakamani Koblenz kwa makosa ya uchafu wa kijinsia na kuyatangaza kila pembe ili kulichafua Kanisa. Ilikuwa propaganda, naam. Lakini si kila kosa lilikuwa la kubuni, na miaka ya karibuni mashirika ya mabruda huko Australia na Ubelgiji yamelazimika kukiri na kulipa fidia kwa watoto na walemavu walioumizwa ndani ya nyumba zao. Mgonjwa aliyelala hawezi kumkimbia anayemgeuza. Yeyote anayetaka kuandika sifa za mabruda wauguzi na aliandike hilo kwanza, kisha aendelee.

Granada ya Hispania nitaipita haraka, maana imeandikwa na wengi. Mreno João Cidade, mzaliwa wa Montemor-o-Novo mwaka 1495, mchunga kondoo, askari, kisha muuza vitabu karibu na lango la Elvira, alisikia mahubiri akaingiwa na toba ya kupagawa, hata watu wakamchukua kwa kichaa na kumfungia Hospitali ya Kifalme, ambako tiba ya wendawazimu ilikuwa mijeledi. Alipotoka, mwaka 1539, akafungua nyumba yake ya wagonjwa na kuzunguka mitaani usiku akiombaomba kwa ajili yao. Akafa 8 Machi 1550 na kuitwa Yohane wa Mungu. Leo Hospitali ya Kifalme ni makao ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Granada. Unapita ukumbini na kuona watu wenye mafaili. Wafuasi wake waliidhinishwa na Papa Pius V mwaka 1572, na kwenye nadhiri tatu wakaongeza ya nne, ukarimu kwa wagonjwa. Kamilo de Lellis wa Italia, aliyefariki 1614, aliwapa wafuasi wake nadhiri kali zaidi: kuwahudumia wagonjwa hata kwa hatari ya maisha.

Kinachonihusu zaidi ni kwamba watu wa Yohane wa Mungu walifika pwani yetu mapema. Mwaka 1681 walikabidhiwa hospitali ya Kisiwa cha Msumbiji, kisiwa ambacho wazee wanasema kimepata jina kwa Musa bin Mbiki, mtawala wake kabla ya Wareno. Waliuguza nani? Askari na mabaharia, watu waliotupwa na pepo kutoka Lisbon na Goa, wenye homa za pwani na wasio na ndugu upande huu wa maji. Ureno ilipoyafuta mashirika ya kitawa mwaka 1834, kazi ya mabruda ikakatika. Ureno haikuwa na hesabu za Bismarck.

Bara letu lenyewe mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Desemba 1860 wamisionari wa Kifaransa kutoka Réunion walitia nanga Unguja wakafungua hospitali. Padri Antoine Horner aliyewafuata mwaka 1863 alikuwa amewahudumia wakoma kule Réunion, na mwaka 1868 alianzisha misheni ya Bagamoyo. Mwaka 1882 tawi likafika Morogoro, na wakazi wa mwanzo wa vijiji vya misheni walikuwa watumwa waliokombolewa. Waliitwa huru, lakini ukoo wao ulikuwa umebaki ng'ambo ya Ziwa au pasipojulikana. Mtu kama huyo akiugua, misheni ndiyo shangazi.

Kwa fikra hiyo sina budi kumtaja Adrian Atiman, ingawa hakuwa bruda na Karema iko mbali na Uluguru. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akaibwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe katika jangwa la Sahara, akasomeshwa udaktari Malta kwa mpango wa Kardinali Lavigerie. Mwaka 1888 aliondoka Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika, na hakuondoka tena hadi alipokufa mwaka 1956. Alioa, akazaa, na mwanawe Joseph akawa padri. Zaidi ya miaka 60 ya kutibu na kuuguza! Mtoto asiye na ndugu alikuja kuwa ndugu wa mwambao mzima wa ziwa. Ulaya kazi ile walipewa waseja. Huku alipewa mtu mwenye mke na mji wake, na sioni kwamba ilipungukiwa kitu.

Wala si Wakatoliki peke yao. Lutindi, kwenye milima ya Usambara, Waprotestanti wa Kijerumani walianzisha makao ya watoto waliokombolewa utumwani mwaka 1896, na miaka michache baadaye yakageuka kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza Afrika Mashariki. Waliotumwa kuisimamia walikuwa mashemasi wa udugu wa Nazareti wa Bethel, Ujerumani, wanaume wauguzi, wenye wake. Nilipopita hapo miaka iliyopita wagonjwa walikuwa wakichuma chai.

Wagonjwa wa akili ndio hasa waliowaleta mabruda Afrika ya Kati na Mashariki. Mabruda wa Upendo, walioanzishwa na Padri Peter Joseph Triest mjini Ghent mwaka 1807, waliingia Kongo mwaka 1911, na mwaka 1972 wakafungua hospitali ya Ndera karibu na Kigali. Wapo pia Bujumbura, na kwetu wapo Kigoma. Watu wa Yohane wa Mungu wapo Mzuzu, Malawi, kwa kazi hiyohiyo. Ukifikiri, si ajabu. Kichaa ndiye mgonjwa ambaye hata ukoo wa Kiluguru wenye wajomba kumi unaweza kumchoka. Ndera ina jeraha lake: Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, Watutsi wengi walikimbilia humo, wanajeshi wa Ubelgiji wakaja kuwaondoa Wazungu, kisha waliobaki, wagonjwa kwa wakimbizi, wakachinjwa. Hospitali ikafufuliwa na inafanya kazi hadi leo. Sikuwa na la kulinganisha hapo, nilifunga daftari.

Nadhiri ya nne ilipimwa mbele ya macho yetu mwaka 2014, Monrovia. Hospitali ya Mtakatifu Yosefu ya shirika la Yohane wa Mungu ilibaki wazi wakati Ebola inafunga nyingine. Mkurugenzi wake, Bruda Patrick Nshamdze wa Kamerun, aliugua. Kipimo cha kwanza kikasema si Ebola, na wenzake wakamuuguza kama anavyouguzwa ndugu, kwa karibu. Alikufa mwanzoni mwa Agosti. Wakafuata Bruda George Combey wa Ghana, Padri Miguel Pajares wa Hispania na Sista Chantal Pascaline Mutwamene wa Kongo, pamoja na wafanyakazi wa hospitali. Mwezi Septemba Bruda Manuel García Viejo, aliyekuwa akihudumu Lunsar, Sierra Leone, alisafirishwa hadi Madrid, akafia huko, na muuguzi mmoja wa Kihispania akaambukizwa katika kumhudumia. Huyo alipona. Hakuwa na nadhiri yoyote zaidi ya mkataba wa kazi, na aliingia chumbani kwa mgonjwa vilevile.

Hilo lilinifanya nipunguze maneno makubwa. Hata hapa Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka Msamvu na kuua watu zaidi ya 100, walioungua waliogeshwa na kufungwa bendeji na wauguzi wa mshahara, siku baada ya siku, jamaa wakingoja nje wasiweze kuwatambua watu wao. Kazi ni ileile. Walichobuni Lötschert na Friedhofen si huruma, maana huruma kila nyumba inayo usiku wa kwanza. Walibuni ratiba ya usiku wa arobaini: jina la mtu limeandikwa, na kengele ikilia anaamka, apende asipende, kwa mgonjwa asiyemjua. Kumgeuza mtu kila saa mbili ili mgongo usioze ni jambo dogo kulisema. Jaribu wiki moja na baba yako mzazi.

Mzee dresa nilimsomea sehemu ya haya. Alicheka niliposema mabruda walikuwa wanaume wakiosha wanaume. "Na mimi nilikuwa nani?" Kisha akauliza kama walilipwa. Nikamwambia hapana, chakula na malazi tu, na wakizeeka wanatunzwa na wenzao. "Hapo ndipo penye siri," akasema. "Mimi nimezeeka, shamba limekufa, malipo ya uzeeni sijayaona. Wao walijua nani atawageuza."

Ila na hilo limebadilika. Katika nyumba nyingi za mabruda Ulaya waliobaki ni wazee, hospitali na makao yao yanaendeshwa na waajiriwa, na Ujerumani inatafuta wauguzi duniani kote. Septemba 2024 ilitia saini na Kenya makubaliano ya kuwapokea wafanyakazi. Mjukuu wa mzee, kijana wa miaka ishirini na kitu anayejifunza Kijerumani mjini ili akasomee uuguzi huko, alikuwa akisikiliza muda wote huku anachaji simu. Aliponisindikiza barabarani kusubiri basi aliuliza maswali ya maana kuliko yangu.

"Kaka, huko Montabaur baridi ikoje?"

"Kali. Beba sweta mbili."

"Na wagonjwa wenyewe?"

"Wazee, wengi wao. Watoto wao wanafanya kazi mbali."

Akatafakari kidogo. "Nimesikia zamu ya usiku ina nyongeza ya hela."

"Ndiyo, ina nyongeza."

"Basi nitaomba ya usiku," akasema, akanyoosha mkono kulisimamisha basi.